Mkiweza Kuimba, Bado Hamjaanza

Hotuba kwa wanachama wa klabu za jogingi za Kinondoni, Ilala na Temeke, ufukwe wa Coco, Dar es Salaam

Mwenyekiti, viongozi wa klabu, wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Naona kuna ambao bado wanatweta, na kuna ambao macho yao yameshaelekea kule kwenye mihogo na mishikaki. Nitajitahidi tumalizane kabla jua halijawa kali.

Nimeombwa nizungumzie faida za mazoezi. Mwenyekiti aniwie radhi, hizo sitazigusa. Mtu aliyeamka saa 10 usiku kule Mbagala, akavaa raba gizani na kuwahi gari la kwanza kuja huku, faida anazijua. Swali lenu ni jingine kabisa, na wengi mmeniuliza pembeni, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huu mwaka wa tatu sikosi Jumamosi hata moja. Mbona kitambi kipo palepale, na ngazi za ofisini bado zinanitoa pumzi?"

Jibu langu fupi litawaudhi baadhi yenu. Wengi wetu tunahudhuria mazoezi tu. Tunafika, tunapigwa picha, tunakimbia mwendo uleule wa mwaka juzi, tunapongezana, tunaondoka. Mwili hautunzi daftari la mahudhurio.

Leo nimekimbia nyuma yenu kuanzia Daraja la Tanzanite mpaka hapa. Kiongozi anapuliza filimbi, anaanzisha wimbo, nyie mnaitikia, makofi yanapigwa, magari yanawapigia honi. Raha tupu. Mbele yangu alikuwepo dada mmoja aliyeimba kila ubeti. Katikati ya daraja simu yake ikaita, akapokea, akamweleza mtu bei ya vitenge vya Kariakoo kwa jumla na kwa rejareja, akabishana naye kidogo, akakata simu, akarudi kwenye kiitikio bila kupoteza hata hatua moja. Mungu ambariki dada yule, na biashara yake istawi. Ila kwa mazoezi yale, asitarajie mabadiliko yoyote.

Wataalamu wa mazoezi wana kipimo kisichohitaji mashine wala hela. Ukiwa kwenye zoezi na bado unaweza kuimba, kazi unayofanya ni nyepesi. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, umefika wastani. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu kisha ukalazimika kunyamaza uvute pumzi, hapo sasa uko kwenye kazi nzito. Haya, klabu nzima inayoimba kwa sauti moja kutoka Hospitali ya Aga Khan hadi Coco, iko daraja gani? Jijibuni wenyewe.

Msinielewe vibaya kuhusu nyimbo. Mchakamchaka wa shuleni na wa jeshini umetulea sote, na najua kuna watu humu wasingeamka kabisa kama si kwa ajili ya nyimbo na wenzao. Nyimbo ziendelee. Nataka tu tuziweke mahali pake: mwanzoni tunapopasha viungo, na mwishoni tunapopoa. Katikati tufunge midomo kwa dakika ishirini hivi, kila mtu ahangaike na pumzi yake.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Nendeni Feri mkatazame viganja vya mvuvi anayevuta nyavu. Vimeota sugu. Ngozi ile ilisumbuliwa na kamba, ikapewa muda wa kupona, ikarudi ikiwa nene kuliko awali. Kamba isingeisumbua, ingebaki laini kama ya karani. Moyo, mapafu na misuli huenda kwa utaratibu huohuo. Ukikimbia mpaka ukahema, moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ukirudia wiki baada ya wiki unajenga uwezo huo na kubaki nao. Ndani ya misuli vinaongezeka vile vimishipa vidogo vya damu, pamoja na mitokondria, ambazo ni sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Hayo yote yana gharama, na mwili ni bahili. Haujengi kitu ambacho haujalazimishwa kukihitaji.

Ndiyo maana miezi ya kwanza ilikuwa mitamu. Ulitoka kukaa bure ukaanza kukimbia kilomita 3, na kwa mwili wako hiyo ilikuwa taharuki. Ukapungua, ukalala usingizi mzuri, watu wakakusifia. Kisha mwili ukazoea, na wewe ukabaki na kilomita 3 zilezile kwa dakika zilezile. Kilichokuwa kazi kimegeuka matembezi. Kuna wenzetu hapa wamefanya matembezi hayo miaka mitatu.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1957 huko Finland, Martti Karvonen na wenzake waliwakimbiza vijana kwenye mashine huku wakifuatilia mapigo ya moyo. Waliona kwamba mapigo yasipopanda kiasi cha kutosha, uwezo wa mtu hauongezeki hata akifanya mazoezi kwa bidii ya kuhudhuria. Mpaka waliouona ulikuwa kama asilimia 60 ya nafasi iliyopo kati ya mapigo yako ukiwa umepumzika na mapigo ya juu kabisa unayoweza kufikia.

Tufanye hesabu hiyo pamoja, maana haihitaji saa ya bei mbaya. Chukua mtu wa miaka 40. Kwa makadirio ya haraka, toa umri kwenye 220, unapata 180, hayo ndiyo mapigo yake ya juu kwa dakika. Asubuhi kabla hajatoka kitandani amehesabu, amepata 70. Nafasi iliyobaki ni 110. Asilimia 60 yake ni 66. Jumlisha na zile 70, unapata 136. Sasa akiwa katikati ya mbio asimame, aweke vidole viwili shingoni pembeni ya koo, ahesabu kwa sekunde 15. Akipata 34 au zaidi, yuko kazini. Akipata 25, aache kuongea na simu. Makadirio haya yanapishana kwa watu, tena wenye kutumia baadhi ya dawa za presha yanaweza kuwadanganya kabisa kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Hao wafuate kipimo cha kuongea na kuimba, kinawatosha.

Kuna kijana amenishika mkono pale kwenye maji akaniambia, "Lakini mwalimu, mabingwa wenyewe wanakimbia polepole, nimewaona kwenye video." Ni kweli kabisa. Wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu hufanya sehemu kubwa ya kilomita zao kwa mwendo mwepesi. Ila huyo unayemwona kwenye video anakimbia kilomita 150 au zaidi kwa wiki. Akizikimbia zote kwa nguvu atavunjika. Na ile sehemu ndogo iliyobaki, siku ya kasi, kamera ikiwa imezimwa, ni kazi ambayo mimi na wewe tusingeimaliza. Wewe kilomita zako za wiki ni sita. Ukizifanya zote nyepesi, umebaki na nini?

Tuna mfano wetu wa nyumbani. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi ya dunia. Wakati ule wengi walizoea kujificha kwenye kundi na kusubiri mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo akaongoza mpaka kwenye utepe. Ukigawanya, kila mita 400 alizipita kwa wastani wa sekunde 56 na nusu hivi, karibu mizunguko minne mfululizo. Siku mkipata uwanja, chagueni kijana mwenye mbio kuliko wote kwenye klabu, apige mzunguko mmoja tu, mtazame saa. Na juzi juzi hapa, Septemba 2025, Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya dunia Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, tofauti yao ikawa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 bado alikuwa na mbio za kumalizia. Mtu anayekimbia kasi moja mwaka mzima hana gia hiyo.

Haya, mtaniambia hamtafuti medali, mnatafuta afya. Sawa, tuje kwenye afya, na hapa nina habari ya makonda.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alichapisha na wenzake utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile. Dereva anakaa kwenye kiti siku nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Watu wa kampuni moja, mtaa mmoja, lakini makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. (Konda wa daladala yetu asijisifu, gari lake halina ghorofa, kuning'inia mlangoni hakujapimwa na mtu.) Wengi huishia hapo wakisimulia habari hii, wakasema basi, kila harakati inatosha. Lakini Morris hakuishia hapo. Baadaye aliwafuatilia maelfu ya wanaume watumishi wa serikali wa maofisini, akawauliza wanafanya nini wakitoka kazini. Safari hii waliopata kinga iliyo wazi walikuwa wale waliofanya mazoezi ya nguvu. Waliokuwa wakijishughulisha kidogo kidogo bustanini hawakuonekana kutofautiana sana na waliokaa.

Tafiti za siku hizi zinakubali kwamba hata harakati nyepesi ni bora kuliko kukaa, na mimi simkatazi mtu kutembea. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 mpaka 150 za mazoezi makali. Mnaona hesabu hiyo? Dakika moja nzito imelipwa kama mbili za wastani. Kwa mtu anayekaa Chanika na kufanya kazi Posta, anayepoteza saa tatu za siku barabarani, mimi sijui habari njema kuliko hiyo.

Mwongozo uleule unataka pia siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na hapa klabu zetu ndipo zinapolala kabisa. Tunakimbia, halafu tunapiga pushapu kumi za kuaga. Nimewatazama. Kuna watu humu wanapiga pushapu za shingo. Kifua kiko palepale hewani, kiuno kimening'inia, kichwa ndicho kinachoshuka na kupanda kama mjusi wa ukutani. Mtu anahesabu thelathini, anasimama, anakung'uta mchanga. Nampenda zaidi mzee mmoja wa Temeke ambaye leo amepiga nne. Nne tu, magoti chini, lakini kifua kimegusa mchanga kila mara, ya nne mikono imetetemeka, ya tano imemkatalia. Mzee yule amefanya mazoezi.

Misuli ina nyuzi ndogo na nyuzi kubwa. Mwili huanza kuziita zile ndogo, na zile kubwa huitwa kazi inapozidi. Kama hujafika pale mikono inapotetemeka, au karibu na hapo, zile kubwa zimekaa zinakuangalia. Na ndizo hizo zinazopungua zaidi kadiri umri unavyosogea, na ndizo zinazokushika usianguke ukijikwaa kwenye mtaro. Wazee wangu na mama zangu, hili linawahusu kuliko vijana wa kifua.

Wala halihitaji jimu. Chukua kiti cha plastiki, kaa, simama bila kushika popote, rudia. Ukimaliza jiulize kwa ukweli: ningeweza ngapi zaidi? Ukisema kumi, ile ilikuwa salamu. Ukisema mbili au tatu, umefanya kazi. Siku ukifika 12 na bado una akiba kubwa, usiende 40. Ongeza mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna nyumba Dar es Salaam isiyo na madumu. Kumbatia dumu la lita 5, urudi kwenye nane. Ukizoea, jaza la lita 10 lipite nusu, halafu lijaze lote. Kuna mama mmoja ninayemfundisha Kigogo, alianza kwa kujisukuma na mikono kutoka kitini. Leo anasimama na dumu la lita 10 kifuani, anasema kinachomfurahisha zaidi ni kwamba anapanda mwendokasi bila kusubiri mtu amvute.

Sasa kuna jambo naomba mlisikie vizuri, maana nikiondoka hapa kuna mtu atakwenda kujiumiza kwa jina langu. Uzito wa kazi hupimwa kwa mwili wako, usipime kwa mwili wa jirani. Dada mwenye kilo 110 akitembea haraka kupanda kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani, mapigo yake yanaweza kuwa juu kuliko ya kijana anayempita mbio. Anafanya kazi kuliko huyo kijana. Asichekwe, na asilazimishwe kukimbia kabla magoti hayajawa tayari.

Maumivu nayo yana aina zake. Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa, ukashuka ngazi kinyumenyume, ni kawaida, yanapita. Maumivu makali ya ghafla kwenye goti au kifundo si kawaida, simama. Kifua kikibana, maumivu yakaenda kwenye mkono au taya, kizunguzungu kikakushika, pumzi ikakata kuliko kazi uliyofanya, hapo hakuna ushujaa, simama na uende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye presha, kisukari, au mwenye zaidi ya miaka 40 aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, amwone daktari kabla ya kuanza kazi nzito. Na joto letu la Desemba mpaka Machi, pamoja na unyevu huu wa pwani, halina mchezo. Jasho haliwahi kukauka, mwili unashindwa kupoa. Miezi hiyo saa 1 asubuhi tuwe tumemaliza, na maji yanywewe kabla hujasikia kiu.

Halafu kupumzika. Ile sugu ya mvuvi inaota usiku akiwa amelala. Mbili kwa wiki, tatu ukizoea, siku nzito zinatosha, na kati yake siku moja au mbili za kupumua. Vijana wanaojifua kila siku mpaka kutapika halafu wanalala saa 8 usiku wanaharibu mchana na usiku pia.

Kuhusu supu nitasema kidogo, maana najua ni jambo la hisia. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 ametumia kama 350. Bakuli la makongoro na chapati mbili za kumetameta mafuta, zimerudi zote na nyongeza juu. Kunyweni supu, protini mnaihitaji, ila chapati iwe moja, na msiniulize habari za kitambi mkiwa mmeshika ya tatu.

Mwenyekiti, nimeongea na viongozi wa klabu na wamekubali tujaribu utaratibu mpya kuanzia Jumamosi ijayo. Dakika 10 za mwanzo tutaimba kama kawaida tukipasha viungo. Kisha dakika 4 za nguvu, kimya, kila mtu kwa kasi inayomwachia maneno mawili matatu tu mdomoni. Halafu dakika 3 za kutembea. Tunarudia mara nne. Wanaoanza watafanya mara mbili, na nguvu yao itakuwa kutembea haraka. Maji yakiwa yamekupwa tutatumia mchanga huu hapa chini, ule mlaini, utawaonyesha. Baada ya hapo dakika 15 za madumu, kila mmoja aje na lake, na kwenye pushapu nitakuwa nimelala pembeni naangalia vifua. Mwisho, nyimbo tena mpaka mchoke.

Kila klabu ichague mtu mmoja mwenye daftari. Aandike majina, mapigo ya sekunde 15 baada ya ule mzunguko wa mwisho, na idadi ya kusimama kwenye kiti. Tutaandika tena baada ya wiki nane.

Maswali nitayapokea pale kwenye hema la maji. Kuna muuguzi ana kipimo cha presha, naomba wazee waanze, na yule dada wa vitenge asiondoke, nina shida naye ya doti mbili.